Daftari la Saa za Wifi

Darasani walimwita Bi Ratiba, na hakuna aliyemwonea. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mke wa fundi bomba, mama wa watoto wawili, na nyumbani kwake kila kitu kilikuwa na saa yake. Kulikuwa na saa ya kufua, saa ya kuchemsha maji ya kunywa, na hata saa ya kugombana na mumewe, maana alisema ugomvi wa asubuhi huharibu kazi za mchana. Malalamiko yote yalisubiri mpaka vyombo viishe kuoshwa. Mumewe, mtu wa maneno machache, aliona hiyo ni neema tupu. Kufikia wakati huo nusu ya malalamiko yalikuwa yameshasahaulika.

Alipojiandikisha chuo cha ufundi, fani ya useremala, majirani walicheka mpaka wakachoka, naye hakujali. Kilichomuuma ni kwamba wiki moja baadaye wifi yake, mdogo wa mumewe, msichana wa miaka ishirini na miwili, naye alikwenda kujiandikisha fani ile ile. Alipoulizwa sababu, alisema, "Nimeona wifi anaenda, nikasema na mimi niende nikaone." Akaenda kuona. Na huko alikokwenda kuona, akaonekana yeye.

Maana wifi mtu alikuwa na mkono, usiombe. Randa ambayo Bi Ratiba aliisukuma mwezi mzima mpaka viganja vikatoka malengelenge, wifi aliishika siku ya kwanza na mbao ikatoa maranda marefu, mepesi, yanayojikunja. Wote waliishi nyumba moja, ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa na sentensi yake moja: "Mwanangu ana mikono ya baba yake." Marehemu baba mkwe alikuwa seremala. Bi Ratiba aliisikia sentensi hiyo mara tatu kwa wiki, na kila mara roho ilimuuma kama imeguswa na pasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alijisemea, akakaa kusubiri maji yaingie. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, maji hayakuingia.

Tusimwite mtu mbaya kabla hatujamjua. Huyu mwanamke hakuwahi kuchaguliwa katika maisha yake. Shuleni viongozi wa darasa walikuwa wengine. Hata posa ya mumewe ilipelekwa kwanza kwa dada yake mkubwa. Dada alipokataa, wazee wakatazamana, wakasema yupo na mdogo. Ndoa ilikuwa nzuri, hana la kusema. Lakini lile "yupo na mdogo" lilikaa kifuani kwake miaka kumi na tatu, na halikupata saa yake ya kutoka.

Sasa, muhula wa mwisho chuoni ulikuwa wa mradi. Kila mwanafunzi alichagua kitu cha kutengeneza, akapewa wiki kumi na mbili, na mwenye kazi bora alichukuliwa kuwa msaidizi wa mwalimu wa karakana. Nafasi ilikuwa moja. Bi Ratiba aliitaka nafasi ile kwa moyo wote, si kwa ajili ya kitu kingine ila asikie jina lake likisomwa mbele za watu kuwa huyu ndiye, tumemchagua.

Mwalimu wa karakana, waliyemwita Mzee Timazi, jina la ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, kwa kuwa hakuvumilia kitu kilichopinda, alikuwa na sheria moja kubwa. Pamoja na kazi, mwanafunzi alileta daftari la mradi: siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi, alifanya nini. Miaka ya nyuma wajanja walinunua makabati kwa mafundi wa barabarani wakaja kuyaonyesha kama yao, na tangu hapo Mzee Timazi alisema, "Kazi isiyo na daftari haina mwenyewe."

Bi Ratiba alisikia hilo akatabasamu. Kama vita ni ya kuandika saa, basi aliyezaliwa kwa vita hiyo ni yeye. Alichagua kutengeneza kabati la vyombo lenye milango miwili. Wifi, bila hata kufikiri, akasema na yeye kabati la vyombo. Hapo Bi Ratiba alikosa usingizi.

Karakana ilikuwa imejaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo baada ya mbao kukatwa kwa mashine, kazi iliyobaki ilifanyiwa nyumbani. Uani kwa mama mkwe palikuwa na meza ya kazi ya marehemu, chini ya bati bovu, na ilikuwa meza moja tu. Bi Ratiba akachora ratiba kubwa kwa kalamu za rangi nne, akaibandika mlangoni mwa jiko. Asubuhi mpaka saa saba meza ni yake, kuanzia saa nane ni ya wifi. Chini yake akapanga wiki zote kumi na mbili: wiki ya kwanza kupiga randa, wiki ya tano kuunganisha milango, wiki ya tisa msasa, wiki ya kumi na moja vanishi. Wifi aliisoma huku akipiga mswaki, akasema ni nzuri sana, akaenda zake.

Ikifika saa nane, Bi Ratiba alitakiwa kwa ratiba yake mwenyewe kukaa sebuleni apige msasa vipande vidogo. Badala yake alikaa dirishani pa jiko, palipotazama uani, na daftari la pili. Hili halikuwa la chuo. Alilianza ili siku moja, ikibidi, athibitishe kwa dakika na sekunde kwamba binti anayesifiwa ni mvivu. Humo wifi alimpa jina la Malkia. Aliandika hivi: "Saa nane kamili, hayupo. Saa nane na nusu, yupo, anakunywa chai. Saa tisa, Malkia anapiga mluzi. Saa tisa na robo, ameinusa mbao." Alipofika hapo alisita, akaongeza: "Ndiyo, ameinusa."

Mwisho wa wiki ya nne mvua ilinyesha kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili, na lile bati bovu likavuja juu ya mbao za wote wawili. Jumatatu wifi alikuja mezani, akainusa mbao, akaipitishia mgongo wa mkono, akairudisha ukutani na kuondoka. Siku tatu hakushika kitu. Dirishani Bi Ratiba aliandika kwa raha isiyo kifani: "Malkia amelala. Malkia amelala. Malkia amekwenda kusukwa." Yeye mwenyewe alikuwa ameunganisha milango yake Jumatatu ile ile asubuhi. Ratiba ilisema Jumatatu, na Jumatatu ilikuwa imefika, mbao hazikuulizwa.

Lakini wiki ya nane ilipofika, binti aliyekuwa akilala alikuwa amelingana naye. Vipande vya fremu yake viliingiana bila msumari hata mmoja, barabara, na mama mkwe akaita wanawake wa jirani waje kuona. Walisimama uani wakipapasa mbao kama wanapapasa kitambaa cha bei. Mmoja akauliza kabati la mkamwana liko wapi. Mama mkwe akaonyesha kwa kidevu, akasema, "Lile pale, naye anajitahidi."

Anajitahidi! Bi Ratiba alilala na neno hilo. Kesho yake asubuhi alichukua vibanio viwili vya chuma ambavyo wifi alikuwa amepewa chuoni vya kubana mbao mpaka gundi ishike, akavizika ndani ya gunia la mkaa. Wifi alivitafuta chini ya meza, juu ya dari, chini ya kitanda. Akauliza, "Wifi, hujaviona vibanio vyangu?" Bi Ratiba, akikatakata vitunguu, alisema hajaviona, na machozi yake yalikuwa ya vitunguu.

Mwenzake hakulia wala hakusaga meno. Alikwenda kwa fundi baiskeli, akarudi na mpira wa ndani wa tairi lililochakaa, akaukata vipande virefu, akaizungushia fremu na kuukaza kwa kijiti mpaka gundi ikatoka kwenye viungo. Bi Ratiba aliyaona yote kutoka dirishani. Na kwa kuwa kuandika kulikuwa kumeshakuwa ugonjwa, hakuweza kuacha siku ipite tupu. Aliandika: "Leo nimeficha vibanio vyake kwenye gunia la mkaa. Amefunga fremu kwa mpira wa baiskeli. Ameanza saa nane na dakika kumi, amemaliza saa tisa kasoro dakika kumi. Imeshika." Siku ya tatu alivitoa, akavipangusa, akaviweka nyuma ya pipa la maji ili vionekane.

Siku ya kukabidhi kazi, makabati yalipangwa karakana mstari mmoja. Mzee Timazi alipita na timazi yake mfukoni na miwani puani. Alipofika kwa Bi Ratiba alifungua mlango wa kulia, akaufunga, na wa kushoto ukajifungua wenyewe. Akaufunga tena, nao ukajifungua tena. Mbao iliyounganishwa ikiwa na maji ilikuwa imekauka na kupinda. Bi Ratiba alitamani ardhi ipasuke. Kisha mwalimu akafungua daftari lake la mradi, akasoma kurasa kumi, akasoma ishirini, na uso ukalainika. Akawageukia wanafunzi, akasema kabati limepinda, ndiyo, lakini daftari limenyooka. Huyu mama anajua saa zake zimekwenda wapi, na seremala wa namna hiyo mlango atajifunza.

Kabati la wifi lilisimama kama limeota pale. Milango ilifunga bila sauti. Mzee Timazi alilipenda, wote walimwona, mpaka akaomba daftari. Kurasa zote za wiki kumi na mbili zilikuwa za wino mmoja, mwandiko mmoja wa haraka. Akauliza limeandikwa lini.

"Juzi, Mwalimu," wifi akasema. "Nilikuwa nasahau."

Mwalimu akainama, akapitisha kidole kwenye fremu. Vibanio vya chuo huacha alama mbili za meno, alisema, na hapa hakuna meno. Hapa pana mistari myeusi ya mpira, na wanaofunga kwa mpira ni mafundi wa barabarani. Wifi alieleza kwamba vibanio vilipotea siku tatu. Mwalimu akamwuliza kama baada ya hapo vilirudi kwa miguu yao, na darasa likaangua kicheko. Binti akasema vilionekana nyuma ya pipa. Hakumtazama wifi yake. Akaomba mama yake aitwe aulizwe. Mama mzazi hawezi kuwa shahidi wa mwanawe, mwalimu akasema. Kama kuna ushahidi mwingine ufike kabla ya saa nne kesho, la sivyo kabati hilo halina mwenyewe na nafasi ni ya Bi Ratiba.

Jina lake lilisomwa. Alilisikia kwa masikio yake mawili, mbele za watu. Na alifurahi, tusidanganyane.

Walirudi nyumbani pamoja, wakisukuma mkokoteni wenye makabati mawili, la kwake mlango ukiwa umefungwa kwa kamba. Njiani wifi alisema, "Hongera, wifi. Hata wasingenishuku mimi, lile daftari lako kweli ni kazi." Alisema hivyo bila kununa, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Bi Ratiba alimtazama usoni akitafuta hata chembe ya kijicho, hata kidogo tu, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Hakukuwa na kitu. Miaka miwili alikuwa amemwonea huyu msichana wivu kila siku ya Mungu, na leo, siku yake moja ya kuonewa wivu yeye, mwenzake hana habari.

Hilo lilimkera kuliko kushindwa. Alifika chumbani, akatoa lile daftari la pili chini ya godoro ili ajifariji kwa uvivu wa Malkia. Akachukua kalamu ajumlishe saa. Wifi alikuwa amefanya kazi saa sabini na moja tu, na kila saa iliandikwa kilichofanyika, patasi kwa patasi, kiungo kwa kiungo. Kisha, kwa mazoea, akaweka daftari lake la mradi kando ya hili na kulinganisha tarehe. Jumanne ya wiki ya tatu, daftari la chuo lilisema: saa nane hadi saa kumi, kupiga msasa. Daftari la godoro, saa zile zile, lilisema Malkia anapiga mluzi. Alhamisi vivyo hivyo, na Ijumaa vivyo hivyo. Mtu anayeandika dakika za mwenzake anazitumia na yeye. Zile saa sabini na moja zilikuwa zake pia, zimekwenda dirishani, na daftari lililoitwa limenyooka lilikuwa limejaa msasa usiopigwa.

Aliufikia ukurasa wa vibanio. Wazo la kuuchana lilimjia, akaushika ukingoni kabisa. Lakini mpira ulikuwa ukurasa huo huo. Kurasa nyingine zote zingesema wifi alifanya kazi. Huu peke yake ndio uliosema ile mistari myeusi imetoka wapi. Akakaa nao mpaka mama mkwe akaita kuwa chakula kinapoa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Kesho yake saa tatu alisimama mbele ya Mzee Timazi na daftari mkononi. Mwalimu alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akasoma akiwa amekaa. Alipofika kwenye gunia la mkaa alivua miwani.

"Umeandika wewe?"

"Mimi, Mwalimu."

"Kwa nini ulikuwa unamwandika?"

Alikuwa amepanga jibu jingine, refu, lenye mwanzo na mwisho. Likatoka fupi. "Wivu, Mwalimu."

Mzee Timazi alilifunga daftari. Akasema binadamu anaweza kudanganya ili ajitetee, lakini hajaona anayedanganya ili ajichongee mwenyewe. Kabati ni la binti, na nafasi ni ya binti. Kuhusu yeye, aliyeficha kifaa cha mwenzake na kuandika msasa wa uongo, mradi wake umefutwa na muhula atarudia. Akamwuliza kama alijua hivyo kabla hajaingia. Bi Ratiba alisema alijua, alishajipangia.

Alasiri alikaa uani, kwenye meza ya kazi, akimsubiri wifi aje amtukane. Alijiambia atamwachia nusu saa nzima bila kumjibu. Wifi alikuja na daftari kwapani. Mwalimu alikuwa amempa akalisome. Akajisogeza kwenye meza, wakakaa bega kwa bega.

"Umeniita Malkia mara thelathini na nne," akasema.

"Umehesabu?"

"Nimejifunza kwako."

Bi Ratiba akakusanya maneno, akaomba msamaha wa vibanio. Wifi akasema vibanio alijua siku ile ile vilipoonekana, maana vilikuwa na vumbi la mkaa kwenye meno. Bi Ratiba alishtuka. Akamwuliza sasa mbona jana hakusema, watu wakimcheka, kazi yake ikiitwa ya kununua.

"Ningesema, kisha ningeishi na nani humu ndani?" Wifi akafungua daftari, akapekua taratibu. "Mama anasema nina mikono ya baba. Kabati likisimama anakuja kuliona, anaita na watu. Nikiwa nafanya kazi hajawahi kutoka hata siku moja kuitazama hiyo mikono. Humu nimeandikwa mpaka nilivyonusa mbao. Mimi sikujua kama huwa nanusa." Akalifunga. "Naomba nikae nalo, wifi. Usilichome."

Bi Ratiba alisema alichukue. Wifi akanyanyuka nalo, amelikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akaingia ndani. Na yule aliyebaki mezani, aliyekuwa amepoteza nafasi, muhula na sifa kwa asubuhi moja na kudhani yameisha, akausikia ule wivu wake ukirudi. Duniani kulikuwa na mtu mmoja aliyetazamwa saa sabini na moja bila kupepeswa jicho, na mtu huyo hakuwa yeye.